Wakavu wa Daraja la Mshikamano

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akahangaika kuyatafuta. Jina la nchi silitaji, kwa sababu nikilitaja utasema, "Kumbe si kwetu," utashusha pumzi, nami sitaki mtu ashushe pumzi kabla sijamaliza.

Tunayo Wizara ya Habari Njema. Habari mbaya hazina wizara. Kwa kuwa hazina wizara hazina bajeti, na kwa kuwa hazina bajeti haziwezi kutokea. Tunalo pia gazeti, linaitwa Faraja, lenye utaratibu ambao wageni wakiusikia hutikisa vichwa kwa wivu: habari huandikwa kwanza, kisha tukio hufuata. Huko kwa wengine mwandishi hulikimbilia tukio, anahema, viatu vimejaa vumbi. Kwetu tukio ndilo humkimbilia mwandishi. Lisipofika, shauri yake.

Ndivyo tulivyopata daraja.

Asubuhi moja Faraja liliandika, ukurasa wa mbele, kwamba Mheshimiwa Baba Mlezi amefungua Daraja la Mshikamano juu ya Mto Kiverenge, na kwamba wananchi wa Mabondeni, yaani sisi, tumelia kwa furaha. Mheshimiwa mwenyewe akaja alasiri yake. Msafara ulifika pale lami inapokwisha, ukakuta tope, ukasimama. Viti viwili vikashushwa, utepe ukafungwa baina ya kiti na kiti, ukakatwa. Mheshimiwa akasema, "Kwa macho haya naliona daraja hili likidumu," akarudi garini. Sisi tukalia kama ilivyoandikwa. Mke wangu alilia vizuri sana. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza.

Mto uko mbele kidogo ya hapo. Kiangazi maji hufika kiunoni, masika hupanda mpaka yanapotaka yenyewe. Sisi tunakaa upande huu, shule ya sekondari iko upande ule, ndiyo maana inaitwa Ng'ambo. Tangu shule ijengwe watoto walikuwa wakivuka kwa miguu ndani ya maji, na baada ya utepe kukatwa wakaendelea kuvuka kwa miguu ndani ya maji. Tofauti ni kwamba sasa walikuwa wanapita darajani.

*

Hapo ukajitokeza ugumu mdogo wa kiutawala. Mtu aliyepita darajani hufika mkavu. Je, akifika ameloa, anataka kusema nini? Anataka kusema gazeti limesema uongo. Na gazeti likisema uongo, Mheshimiwa alikata utepe wa nini? Unaona mambo yanavyoweza kufika mbali kwa sababu ya suruali tu.

Serikali, ambayo hailali, ikatuletea Afisa Ukavu. Jina lake Bwana Kifimbo, mtu mwembamba mwenye vidole virefu, anayekaa kwenye kiti cha plastiki ukingo wa ng'ambo, chini ya mwavuli wenye picha ya Baba Mlezi. Ukitoka vichakani anakuita, anashika pindo la nguo yako kwa vidole viwili, analiminya, anatazama mbali kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo. Likitoa tone, umepotosha.

Mimi walinikamata kwa soksi. Suruali ilikuwa kavu, shati kavu, hata moyo ulikuwa mkavu, lakini soksi moja ikanisaliti. Nilifyeka nyasi za ofisi ya wilaya mpaka nikamjua kila mjusi wa pale na tabia yake. Nilirudi nyumbani nimekonda na nimeelimika. Toka siku hiyo sivai soksi, na nikiona mtu anavaa namhurumia.

Wengine nao walielimika. Ukienda ng'ambo unabeba nguo za akiba kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kichwa. Unavuka na nguo za maji, unaingia vichakani, unabadili, unamtokea Bwana Kifimbo ukiwa mkavu kama biskuti. Ukikutana na mwenzako katikati ya mto, maji yamewafika kiunoni wote wawili, salamu ni, "Daraja limeamkaje?" na jibu ni, "Daraja zima." Wenye adabu zaidi huinua mkono mmoja pembeni, kama wameshika ukuta wa daraja. Watoto tukawafundisha jambo moja la ziada: ukimwona mtu ameloa, inua macho juu. Kama uko ndani, tazama dari. Kumtazama aliyeloa ni kumdhalilisha, na tena unaweza kuitwa shahidi.

Watoto wa siku hizi wasikivu. Walijifunza upesi kuliko tulivyotarajia.

*

Mwaka huo Wizara ikaanzisha somo jipya kwa vijana, Wajibu wa Vyombo vya Habari katika Jamii, ili vijana wasije wakajifunza jambo hilo peke yao. Pale Ng'ambo akalibeba Mwalimu Mkuu, Mwalimu Chambuso, kwa kuwa walimu wengine walisema wanaumwa. Akawapa Kidato cha Tatu zoezi la kwanza kama lilivyo kitabuni: kila mwanafunzi aandike habari fupi ya jambo aliloliona kwa macho yake akija shuleni, na iliyo bora ibandikwe kwenye gazeti la ukutani, nje ya ofisi ya walimu.

Darasa zima wakaandika juu ya daraja. Mmoja aliliandika la chuma, mwingine la zege. Mwanangu Tausi aliandika kwamba limepakwa rangi ya samawati, na kwamba asubuhi ndege hutua juu yake. Nilimsifu. Nilimnunulia hata andazi.

Siwatu, binti wa jirani yangu Bi Mwanahawa, aliandika hivi: "Leo asubuhi nilivuka mto. Maji yalinifika kiunoni. Mdogo wangu nilimbeba mabegani. Daraja sikuliona." Hakusubiri kuchaguliwa. Aliibandika mwenyewe wakati wa mapumziko, na kufikia kengele ya kuingia madarasani shule nzima ilikuwa imejaa pale ukutani, inatazama juu.

Mwalimu Chambuso akaita kamati ya wazazi, nami ni mjumbe.

"Ndugu wajumbe," alisema, jasho linamtoka, "huyu binti ni wa kwanza darasani. Nikimfukuza bila utaratibu nitaonekana sipendi elimu. Nisipomfukuza nitaonekana sipendi daraja."

"Sasa tufanyeje, Mwalimu?" tukauliza.

"Mhariri Mkuu wa Faraja anakuja kufundisha somo hili mwenyewe, ni ziara ya Wizara. Yeye ndiye mwenye habari zake. Akisema alichoandika Siwatu ni habari, inabaki ukutani na mtoto anabaki darasani. Akisema si habari, mtoto aende kwao."

Tukapiga makofi. Hakuna kitu kitamu kama uamuzi unaomwangukia mtu mwingine.

Jioni ile nilimkuta Bi Mwanahawa uani anapepeta mchele. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Baba Tausi, mwanangu atasoma au hatasoma?"

"Mama Siwatu, anakuja mtu msomi kutoka mjini. Usiwe na wasiwasi."

"Huyo msomi atapita wapi?"

Nikacheka. Nikasema atapita darajani, kama sisi. Yeye hakucheka. Nikakumbuka kuwa nina kazi nyumbani.

*

Bwana Idrisa Lukindo, Mhariri Mkuu wa Faraja, alifika na gari la ofisi, suti ya kijivu, tai nyekundu, viatu vinavyong'aa mpaka mbuzi wakajitazama. Mtu mzima, mpole, sauti ya redio. Tulikuwa tumepangwa ukingoni kumpokea. Dereva alisimama pale lami inapokwisha, akasogea kwenye tope kidogo, akasimama kabisa.

Bwana Lukindo akashuka. Akatazama mto. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyesahau alikoegesha baiskeli.

"Samahanini," alisema kwa upole. "Daraja liko wapi?"

Ng'ambo ya pili Bwana Kifimbo akasimama chini ya mwavuli wake, akapaza sauti: "Hilo hapo, mheshimiwa! Mbele yako! Kama mlivyoliandika!"

Nataka msomaji anielewe. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Aliliandika daraja mezani kwake, mjini, kama alivyoandika hospitali na mavuno, na nadhani baada ya kuliandika alilipenda. Sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba atapita juu yake. Wilaya nzima ile yeye ndiye peke yake aliyekuja mtoni bila nguo za akiba.

Angeweza kurudi. Lakini dereva alikuwa anamtazama, sisi tunamtazama, na ng'ambo ile Mwalimu Chambuso amepanga watoto na wimbo. Bwana Lukindo akarekebisha tai, akainua mkono pembeni kama aliyeshika ukuta wa daraja, ingawa hakuna aliyemfundisha, akaingia majini na viatu vyake.

Tulivuka nyuma yake na mifuko yetu kichwani. Ng'ambo, sisi tukaingia vichakani. Yeye akapanda moja kwa moja. Bwana Kifimbo alinyoosha vidole kwa mazoea, akavigusisha kwenye pindo la suti, na maji yakamtiririka mpaka kiwiko. Akatazama mbali kwa muda mrefu.

"Mkavu," alitangaza. "Mkavu kabisa."

*

Darasani tulikaa nyuma, wajumbe wa kamati. Bwana Lukindo aliingia, ameloa kuanzia kiunoni kushuka chini, kila hatua kiatu kinasema chwa, chwa. Mwalimu Chambuso akasema, "Simameni!" Darasa likasimama na, bila kuambiwa, vichwa vyote vikainuka vikatazama dari. Kwa pamoja. Kwa adabu. Walikuwa wazuri kutazama, wametulia kama picha. Tausi wangu alikuwa amenyoosha shingo kuliko wote.

Mzee alizoea kusimama mbele ya watu, nadhani, lakini si mbele ya shingo. Akafungua hotuba yake. Nayo ilikuwa imeloa. Kurasa zilishikana, akalazimika kusoma ule wa kwanza mara mbili.

"Vyombo vya habari," alisoma, "ni kioo cha jamii. Lakini kioo chenye malezi mema humngoja mtu achane nywele kwanza, ndipo kimwonyeshe."

Tone likaanguka kutoka kwenye koti. Tone la pili. Mwalimu Chambuso akakohoa. Tangu hapo ikawa tone, kikohozi, tone, kikohozi, mpaka nikahofia mapafu ya Mwalimu.

"Maswali?" alisema Bwana Lukindo.

Mvulana mmoja akauliza, macho yake darini, "Shikamoo mheshimiwa. Mwandishi akifika mahali akakuta tukio halijatokea, afanye nini?"

"Marahaba. Awe na subira."

"Na likikataa kabisa kutokea?"

"Basi... basi tukio hilo limekosa uzalendo."

Mwalimu Chambuso akaona hapo ni pazuri kwa kumalizia. Akaleta karatasi ya Siwatu, ameibandua ukutani na plasta zake. Akaisoma kwa sauti ndogo, akaeleza shauri lilivyo: ni habari, anabaki, si habari, anakwenda.

Siwatu akasimama. Darasa zima alikuwa yeye tu asiyetazama dari. Alimtazama mgeni suruali, akamtazama uso, bila kejeli yoyote, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Binti," alisema Bwana Lukindo, "habari hii uliipata wapi?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Uliwauliza wengine?"

"Walikuwepo pia. Lakini walikuwa na haraka ya kubadili nguo."

Mjumbe aliyekaa karibu nami akaanza kukagua kucha zake.

"Na Wizara? Uliiuliza Wizara?"

"Wizara haikuwa mtoni, mzee." Siwatu akainama, akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa kanga yake ya akiba, imekunjwa vizuri. Akatoka na kusogea mbele, mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa kitu. "Mzee, samahani. Jifunge hii. Ukikaa hivyo utapata homa."

Hili ndilo ninalolikumbuka nikiwa nakula, nikiwa nanyoa ndevu. Mkono wa yule mzee ulianza kuinuka. Niliuona. Uliinuka kidogo, vidole vikafunguka. Kisha akaona kamera mlangoni, ya mpigapicha wa Faraja wa hapa wilayani.

"Sijaloa, mwanangu," alisema.

Baada ya maneno hayo hukumu ilikuwa imekwisha kutoka. Kilichobaki ni kuitangaza. Aliitangaza kwa lugha nzuri, kwamba maandishi yanaonyesha kipaji, ila hayajakomaa, yana upungufu wa mizani, kwa sasa hayawezi kuitwa habari. Mwalimu Chambuso akauliza kama kuna mjumbe mwenye neno.

Mimi kwa kawaida nina neno. Watu wa Mabondeni watakwambia, Baba Tausi hata msibani ana neno. Nilitazama dari. Lina mbao na kuna mahali mchwa wameanza. Sijawahi kulisoma dari vizuri namna ile.

Siwatu akakunja kanga yake upya, akairudisha mfukoni, akasema, "Ahsanteni walimu, ahsanteni wazazi," akatoka.

*

Tulipomsindikiza mgeni mtoni, mvua ilikuwa imenyesha milimani. Maji yamekuwa mekundu, yanavuta, yamefika kifuani na yana sauti. Tukasimama.

"Daraja liko imara!" alisema Bwana Kifimbo, akasogeza kiti chake nyuma.

Bwana Lukindo aliweka mguu, akautoa. Akaweka tena, akautoa. Dereva wake ng'ambo alikuwa mdogo kama sisimizi. Siwatu alikuwa ameketi ukingoni, ana mfuko wake mapajani, anangoja mdogo wake atoke shule ya msingi, nayo iko ng'ambo hiyo hiyo. Akanyanyuka, akaingia majini mpaka kifuani, akageuka, akanyoosha mkono.

"Njoo, mzee. Fuata ninapokanyaga. Kuna mawe."

Mzee akaushika mkono ule. Wakaenda polepole. Katikati, pale maji yanapovuta zaidi, Siwatu akasimama.

"Mzee, tuko wapi?"

"Tuko..." Alitazama nyuma, akatuona. "Tuko darajani, mwanangu."

Siwatu hakumwachia mkono. Wala hakusogea. Alisimama tu, kama mtu mwenye muda. Maji yakamvuta mzee tai, ikaelea mbele yake.

"Mzee, miguu yako iko kwenye nini?"

Sikusikia jibu, mto ulikuwa na kelele. Niliona midomo tu. Lakini ilikuwa ni neno fupi, na baada ya kulisema mabega yake yalishuka, na Siwatu akaendelea mbele.

*

Gazeti la kesho yake lilikuja na picha kubwa, Bwana Lukindo akifundisha, kuanzia kifuani kwenda juu. MHARIRI AWAFUNDA VIJANA, DARAJA LAZIDI KUIMARIKA. Tulisoma tukakunja. Aliyegundua ni Bi Mwanahawa, aliyenunua vitumbua vilivyofungwa katika ukurasa wa matangazo ya vifo. Chini kabisa, baada ya tangazo la mbuzi aliyepotea, kwa herufi za kusomwa kwa miwani, paliandikwa: "Watumiaji wa Daraja la Mshikamano wanashauriwa kuvua viatu."

Kijiji kizima kilikuja kulisoma. Tukalipitisha mkono kwa mkono, lina mafuta ya vitumbua. Watu wakasema mhariri ni jasiri. Wengine waliogopa hata kulishika. Na ni kweli, ilikuwa mara ya kwanza kwa gazeti letu kuandika jambo ambalo ukilifuata linakusaidia.

Siwatu hakurudishwa. Tangazo halikumtaja, na Mwalimu Chambuso alisema mikono yake imefungwa. Lakini masika yakakaza, mawe yale anayajua yeye, na watoto ni lazima wavuke. Basi kila asubuhi yuko mtoni. Anawavusha wanaokwenda kwenye darasa alilofukuzwa, anawarudisha mchana. Kwa hiyo nafurahi kuripoti kwamba hatimaye tunalo daraja. Linavaa sare ya shule iliyopauka, na lina mama yake.

Lina sharti moja. Mkubwa akitaka kuvuka, Siwatu anamfikisha katikati, anasimama, anauliza, "Miguu yako iko kwenye nini?" Asipojibu, hasogei. Bwana Kifimbo alijibu, "Kwenye unyevu wa kiwango cha kuridhisha." Siwatu akamwambia, "Haya afisa, endelea na daraja lako." Walimwopoa chini kule kwenye matete, mzima, bila kofia. Alijiminya pindo mwenyewe, kwa mazoea, akajiandikia kuwa ni mkavu.

Jana ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na kikao cha kamati. Tulifika katikati, akasimama.

"Baba Tausi. Miguu yako iko kwenye nini?"

Nikafanya utani. Nikamwambia, "Wewe mtoto, miguu yangu iko kwenye uzee." Hakucheka. Ana uso wa mama yake.

"Majini," nikanong'ona.

"Sijasikia."

"Siwatu mwanangu, Bwana Kifimbo yuko pale."

"Namwona. Sema tu, Baba Tausi. Watoto wanakungoja."

Ni kweli walikuwa nyuma yangu, mstari mzima wa Kidato cha Tatu, mifuko kichwani. Nikageuka kutafuta Tausi, anipe japo tabasamu. Sikuyapata macho yake. Mwanangu alikuwa ameona baba yake ameloa mpaka kifuani na neno limemkwama, naye, kwa adabu tuliyomfundisha, alikuwa ameinua uso juu, anatafuta dari.

Mtoni hakuna dari.